Mvumo Ambao Kila Mtu Aliusikia

Kwa muda mrefu nyumbani kwetu Bigwa tuliishi watu wawili wenye haja mbili zisizopatana. Mume wangu alitaka redio inyamaze pale ambapo haikutakiwa kusema. Mimi nilitaka mume wangu asikie. Haja yake ilipata mafundi, washauri, transfoma na heshima ya mji mzima. Yangu haikupata hata wa kuiitikia, maana mwenye kuitikia ndiye huyo huyo asiyesikia.

Niseme kwanza alivyo, watu wasije wakadhani nimeolewa na kichaa. Mume wangu ni Mluguru wa Matombo, mwalimu mkuu mstaafu. Alishika chaki miaka mingi kiasi kwamba nusu ya watu wazima wa Morogoro aliwachapa yeye mwenyewe, na nusu iliyobaki aliwachapa wazazi wao. Fundi redio, mwenye duka la nondo, dereva wa bodaboda wa pale njia panda, wote wakimwona husimama wima na kuficha viganja. Akisema leo ni Jumatano, hata iwe Ijumaa na hotuba imeshaanza msikitini, hawatambishia. Watakaa wakiwaza namna ya kuihamisha Ijumaa.

Alipostaafu, watoto walichanga wakamletea seti ya muziki: amplifaya, spika mbili zinazonifika kiunoni, na kimashine kidogo cha kuchezea nyimbo chenye adapta ya kuchomeka ukutani. Furaha aliyokuwa nayo sijaiona hata siku alipopewa cheo. Muziki wake ni ule wa dansi la zamani, la enzi ambazo vijana wa mji huu walivaa suruali pana chini zikafagia vumbi lote la Morogoro. Kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho, akawa kijana.

Sasa, nataka haki itendeke: mwanzoni mvumo ulikuwepo kweli. Ukiwasha, kabla gitaa halijaanza, spika zilinguruma mmmm, kama friji la muuza soda. Hata mimi niliusikia. Akaitwa fundi. Akaishika ile adapta mkononi, akaipimapima, akacheka. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti. Akatueleza kwamba umeme wa ukutani huja na mawimbi yake, na kazi ya pawa saplai ni kuyatuliza kabla hayajaingia kwenye redio. Adapta ya bei ya pole haitulizi kitu, inayapitisha tu na kuyaongezea ya kwake. Akaitoa, akaunda nyingine ya transfoma nzito na kapasita mbili kubwa zinazolingana na makopo ya nyanya, akaifunga ndani ya boksi la bati. Akawasha.

Kimya. Kimya kizuri, hadi nikakisikia kijito kinachopita nyuma ya nyumba kikishuka na maji yake kutoka mlimani.

"Umeisha," nikasema.

Mume wangu aliinamisha kichwa, akasogeza sikio kwenye spika. "Umepungua," akasema. "Lakini upo. Sasa umekuwa mwembamba."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye. Ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto wanne, lakini nilimwona usoni yule mwanafunzi wa darasa la tano aliyekosea hesabu za mafungu. "Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Kwa mbali, upo."

Kwa mbali! Laiti ningejua siku ile maneno yale mawili yatatufikisha wapi, ningemfukuza na bisibisi yake.

Ile transfoma ya kwanza ikatolewa, ikaja nyingine ya duara, iliyosukwa nyaya pande zote kama kitumbua cha shaba. Nzuri kuitazama, kwa kweli. Mvumo, akasema mume wangu, umebaki palepale. Fundi akasema kwa mbali. Zikaongezwa kapasita. Ikaongezwa regulata, ambayo nilielezwa kazi yake mara tatu na mara zote nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Nyaya zote zikatolewa, zikaja nyingine zilizovikwa wavu wa chuma ili zisivute kelele za angani. Likaja stebilaiza la kusawazisha umeme, likawekwa juu ya kabati la vyombo, vyombo vikahamia kwenye kitanda cha wageni. Kila kitu kilipofungwa, fundi aliwasha, mume wangu akainamisha kichwa, sote tukasubiri hukumu.

"Upo."

"Kwa mbali, Mwalimu."

Simlaumu fundi kwa uongo wa tamaa. Tamaa ningeiweza. Nilimfuata getini siku moja nikamuuliza, "Baba, hivi wewe unausikia kweli?" Akaangalia chini. "Mama, mimi masikio yangu ya kawaida tu. Mwalimu akisikia, nani atasema hausikiki?" Akapanda baiskeli akaondoka, ameridhika kabisa kwamba ametenda jambo la adabu.

Nikaweka matumaini kwa mkwe wetu. Yeye hakuwahi kuchapwa na mume wangu, anatoka Mbeya, na ni mhadhiri Mzumbe. Nikajisemea, huyu ni msomi, ataleta ukweli wa chuo kikuu. Nilisahau kwamba mkwe ni mkwe hata akiwa na vyeti vya kujaza kapu. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye ncha ya kochi kama wakwe wanavyokaa, akaulizwa. Akafumba macho muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, hili nadhani ni suala la frikwensi."

Mume wangu alinitazama kwa ushindi. Mkwe wetu, naomba ieleweke, anafundisha usimamizi wa wafanyakazi.

Ni mkwe huyo aliyetaja ethi. Alisoma mahali kwamba kelele nyingine husababishwa na nyumba isiyo na waya mzuri wa kushuka ardhini. Basi likachimbwa shimo, na kwa kuwa mume wangu alitaka ardhi yenye unyevu, lilichimbwa katikati ya tuta langu la mchicha. Ikazamishwa nondo ya shaba, ikafukiwa kwa mkaa na chumvi, kwa sababu mafundi wanasema mkaa na chumvi huifanya ardhi ipokee umeme vizuri. Chumvi yenyewe ilitoka jikoni kwangu. Daktari wa presha alikuwa amemkataza mume wangu chumvi, nami nilikuwa nikimpikia mboga chapwa za kutia huruma. Chumvi yote aliyonyimwa yeye ikaliwa na nondo. Kila asubuhi aliamka na ndoo kuimwagilia, maana ethi ikikauka haifanyi kazi, huku mchicha pembeni umejikunja kwa kiu.

Baada ya hapo ukaanza msako wa ndani. Kila chombo kilishukiwa. Friji lilizimwa wakati wa muziki, maziwa yakaganda mara kwa mara hadi tukawa tunakula mtindi bila kupenda. Feni ikazimwa. Chaja za simu zikafukuzwa sebuleni. Cherehani yangu ya mota, ambayo ndiyo iliyowalisha watoto wake mshahara ulipochelewa, ikahukumiwa kwamba inachafua umeme, ikatolewa barazani na kupewa saa zake za kazi, asubuhi tu. Jirani anayechomelea mageti aliombwa asichomelee baada ya alasiri. Na jirani, kwa kuwa alimaliza darasa la saba mikononi mwa Mwalimu, alikubali.

Nikisimulia hivi naona ninacheka. Wakati ule sikucheka sana. Nilikuwa naona mambo mengine ambayo hakuna aliyetaka kuyaona.

Nilimwambia mchele wa Dakawa umeisha, akanijibu, "Vizuri." Nilimwambia binti yetu ana homa, akasema, "Mwambie nami namsalimu." Mama mmoja anayeshuka na njegere na karoti kutoka Mgeta, ambaye kila wiki hupita mlangoni kwetu, alimpa shikamoo mara tatu, na mara zote akaambulia kimya. Yule mama akaondoka akijiuliza amemkosea nini Mwalimu. Adhana ikiita, alikuwa akinitazama mimi kama nimeanza kujitanda ndipo ajue muda umefika.

Halafu ikaja ile ya bodaboda. Alikuwa anavuka barabara na mfuko wa chumvi mkononi. Chumvi ya nondo. Dereva alipiga honi iliyowatoa watu madukani. Mume wangu akaendelea kutembea. Pikipiki ikaserereka, ikaanguka ubavu hatua chache kutoka miguuni pake, na ndizi alizobeba abiria zikatawanyika lami yote. Mimi nilikuwa ng'ambo, nimeshika kichwa, nimeshaanza kulia msiba. Na unajua kilichotokea? Dereva aliinuka na goti linavuja damu, akakunja mikono, akasema, "Samahani sana Mwalimu, honi yangu ndogo."

Mume wangu akamhutubia pale pale, juu ya umuhimu wa honi.

Usiku wa siku ile sikupata lepe la usingizi. Asubuhi nilimkabili. Nilimkalia mbele nikapaza sauti, nikamwambia aende hospitali akapimwe masikio.

"Masikio yangu?" akasema. "Mimi ninasikia mpaka kile ambacho ninyi hamkisikii. Sasa mgonjwa hapo ni nani?"

Jibu la mwalimu mkuu. Lina mantiki yake, na lingemwua.

Nilidhani kukatika kwa umeme kutanisaidia. Siku moja ulikatika mchana kweupe, mtaa mzima ukatulia, hata jenereta za mbali hazikuwashwa. Nikamkimbilia sebuleni. "Haya! Sasa hivi je, unausikia?" Akasikiliza. Nikamwona akishtuka kidogo, jicho likamtoka, nikajua ameusikia na amejua kwamba hapakuwa na cha kuuleta. Kama fundi asingekuwepo, huenda yangeishia hapo. Lakini fundi alikuwepo, amekuja kukaza skrubu, na kwa wema wake wote akamwokoa. "Mwalimu, kapasita hushika chaji," akasema. "Umeme wa nje unakatika, wa ndani unabaki kidogo." Mume wangu akashusha pumzi. Jambo hilo ni la kweli, niliuliza baadaye. Kapasita hushika chaji. Ukweli mdogo ukitumiwa vibaya hufanya kazi ya uongo mkubwa.

Kilichoniuma kuliko vyote ni jioni. Tangu tuoane, baada ya muziki wake tulikaa barazani tukitazama ukungu ukishuka kwenye milima ya Uluguru, tukawasengenya watu wote tunaowapenda. Huo ndio uliokuwa utamu wa ndoa yetu, na sioni haya kuusema. Sasa nilisema jambo, akasema eeh. Nikasema la pili, akasema haya. Nikapaza sauti, akaniuliza kwa nini nagomba. Nikaacha. Nikawa namsimulia cherehani.

Akaja dada yangu kutoka Tabora.

Hapa lazima nieleze. Sisi ni Wanyamwezi, na baina ya Wanyamwezi na Waluguru kuna utani wa mababu, tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakipita huku na mizigo kuelekea pwani. Mtani hukutukana mbele ya watu. Huingia jikoni kwako bila hodi akafunua sufuria. Ukifiwa, atakuja msibani avae koti la marehemu na kuiga mwendo wake, na watu watacheka huku wanalia. Anaweza kuchukua kitu chako akakaa nacho hadi ukikomboe. Na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejivunjia heshima kuliko tusi lenyewe. Kwa hiyo katika Morogoro yote, iliyojaa watu walioficha viganja, walikuwepo watu wa aina moja tu wasioweza kumwogopa mume wangu, nao ni watani zake. Mimi pia ni Mnyamwezi, lakini mke akishakaa kwa mumewe, utani wake huitwa mdomo.

Dada ni mjane, mkubwa kwangu, ana mwili wa kutosha na sauti ya kutosha. Alishuka stendi ya Msamvu na dumu la asali, akafika nyumbani, akamkuta mume wangu amepiga magoti kwenye tuta la mchicha anamwagilia nondo.

"Mtani!" akaita. "Waluguru mmeishiwa mbegu, sasa mnapanda vyuma?"

Mume wangu alimwona, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. Alimweleza habari ya mvumo, ethi, transfoma, yote. Dada akasikiliza huku akinitazama, na macho yangu yakamweleza yaliyobaki.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Mkwe amekuja, fundi amekuja na regulata mpya. Amplifaya ilitolewa nje kwenye mwanga, ikawekwa juu ya mkeka chini ya mpera, ikafunguliwa. Kila kitu kilikuwa nje ya boksi: ile transfoma ya duara pembeni, kapasita zimelala ubavu, nyaya zimening'inia hazikushika popote. Spika zilibaki ndani ya nyumba. Hapakuwa na umeme, hapakuwa na betri hata ya saa. Dada amekaa kwenye kigoda anamenya chungwa.

Mume wangu akainua mkono, sote tukanyamaza. Akainamisha kichwa. Ndege mmoja alilia juu ya mpera, akaondoka.

"Ajabu," akasema. "Hata sasa."

Akamgeukia fundi. "Unausikia?"

Nilimwangalia fundi. Nilimwomba kwa macho. Mtu yule alitazama bati tupu, akatazama transfoma iliyolala mkekani, akamtazama mwalimu wake.

"Kwa mbali, Mwalimu," akasema. "Nadhani umepanda kwenye ethi."

"Na wewe, baba?" mume wangu akamuuliza mkwe.

Mkwe alikohoa. "Kuna hali fulani, baba. Naweza kusema ni masalia."

Dada akaweka chungwa chini. "Masalia ya nini?" akauliza.

"Ya... ya frikwensi, mama mkubwa."

"Hebu nisaidieni mie mshamba wa Tabora," akasema dada akiinuka. "Mbuzi mmemchinja, mmemchuna, utumbo huu hapa mkekani. Na ninyi wawili mnasema bado analia?"

Dada akamfuata mume wangu mpaka usoni pake, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuhitaji kuinamisha kichwa kuisikia. "Mtani wangu, sikiliza. Huo mvumo hauko kwenye redio. Uko humo kichwani mwako, ndani ya hilo fuvu la Kiluguru. Masikio yako yamekufa. Hawa wanakuogopa, kwa hiyo wanakusindikiza. Watakusindikiza mpaka chini ya gurudumu la basi, na mimi nitakuja kwenye msiba wako nivae koti lako niinamishe kichwa hivi, niseme, 'Upo!' Na hawa wawili wataitikia, 'Kwa mbali, Mwalimu!'"

Aliinamisha kichwa vilevile anavyoinamisha mume wangu, hasa, hadi mdomo ulivyopinda. Mkwe alitoa sauti ambayo nadhani ilikuwa kicheko kilichokosa njia. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mume wangu alivimba. Niliuona ule uso wa gwaride la asubuhi, uso uliowahi kunyamazisha watoto mia kadhaa bila neno. Kwa mtu mwingine yeyote ungetosha. Dada aliutazama uso ule, akalichukua chungwa lake akameza kipande.

Kisha akainama, akaiokota transfoma, akaiviringisha kwenye khanga yake na kufunga fundo. "Hii nimeichukua," akasema. "Ukombozi wake si kuku wala si pesa. Niletee kauli ya daktari wa masikio. Mpaka nimsikie huyu mdogo wangu akiniambia daktari amesema hivi na hivi, humu haitoki."

Akaingia nayo ndani akaisukumia uvunguni mwa kitanda.

Mume wangu angeweza kumwagiza fundi alete nyingine siku hiyohiyo. Lakini Mluguru wa Matombo anayekataa kumkomboa mtani atasimuliwa mlima mzima, kuanzia Kinole hadi Mgeta, na hilo alilijua kuliko mimi. Alikwenda kunawa mikono. Alipopita karibu yangu alisema, bila kunitazama, "Ndugu yako huyu hana adabu." Nikasema moyoni, Alhamdulillahi.

Tulikwenda hospitali siku chache baadaye. Tulikaa kwenye benchi la korido na watu wengine wengi, na wawili kati yao waliinuka kumpisha Mwalimu kwenye foleni. Tukaingia. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Akamwona, akainuka, na kabla hajasema lolote nikaviona viganja vyake vikienda nyuma ya koti jeupe.

"Shikamoo Mwalimu!"

Nikajua tumefika palepale.

Alimchunguza kwa kitochi, akampima na mashine zake, akaandika. Kisha akatabasamu lile tabasamu nililokuwa nimelichoka. "Kwa umri wa Mwalimu," akasema, "masikio bado yana nguvu. Kuna upungufu wa kawaida tu, kwa mbali..."

Nilipiga meza. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. "Mwanangu," nikamwambia, "huyu juzi nusura agongwe na pikipiki, na dereva ndiye aliyeomba radhi. Mpime kama unavyompima mtu asiyekufundisha. Ukimwogopa leo, utakuja kumzika."

Daktari akavua miwani akaifuta. Alipoivaa tena alikuwa daktari. Akamwambia mume wangu atazame ukutani, akasimama nyuma yake, akaanza kutaja maneno kwa sauti ya kawaida ili ayarudie. Akasema sahani. Mume wangu akasema, kwa sauti imara ya darasani, Jumamosi. Akasema kisima. Mume wangu akasema asubuhi. Aliyajibu yote kwa haraka bila kusita, mgongo umenyooka. Nilitamani akosee kwa unyonge kidogo, isingeniuma vile.

"Mama," daktari akaniambia, "hebu njoo useme wewe. Sauti yako ndiyo aliyoizoea kuliko zote. Sema lolote, kama mnavyozungumza nyumbani."

Nikasimama nyuma yake. Niliona kisogo chake, kofia yake, mvi zilizochungulia chini ya kofia. Nilitaka kusema habari za leo, au kutaja mboga. Lakini nilipofungua kinywa, likatoka ambalo sikuwa nimelipanga.

"Nina upweke," nikasema. "Mwenzangu, nina upweke ndani ya ile nyumba."

Akajibu papo hapo, kwa upole mwingi. "Nakuja, mke wangu. Acha ipoe kidogo."

Daktari alinitazama hakuelewa. Mimi nilielewa. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, na saa nne ndiyo huwa namwita chai. Nikazikumbuka eeh zake, haya zake, vizuri zake, na zile nyingine nyingi zilizokuwa zikipatia na kunipa matumaini kwamba siku hiyo amesikia. Hakuwa amesikia. Alikuwa akitazama saa na kukisia, ili nisijue, ili nisiumie. Mume wangu naye alikuwa akiniambia kwa mbali.

Nililia pale nyuma yake, na hilo pia hakulisikia.

Daktari alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akamweleza kwa sauti kubwa na polepole. Kwamba masikio yote mawili yamepoteza sehemu kubwa ya usikivu, na iliyopotea hairudi. Kwamba mlio ule hutengenezwa humo humo kichwani, na hakuna waya utakaouondoa. Kwamba vipo vifaa vya kuvaa sikioni vitakavyomsaidia kusikia watu, na tusichelewe. Mume wangu alisikiliza yote akitazama midomo yake. Hakubisha. Alionekana mdogo kwenye kiti kile, nami sikuwa nimewahi kumwona mdogo.

Kisha akageuka akanitafuta. Aliona uso wangu. "Pale nyuma," akaniuliza, "ulisema nini?"

Nikazunguka nikasimama mbele yake, nikalisema tena. Alitikisa kichwa, hakulipata. Nikalisema kwa nguvu zangu zote, na korido nzima ikatulia.

Safari hii hakukisia. Aliushika mkono wangu akaukalisha gotini pake.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu lini, taratibu, neno kwa neno, na macho yake hayakutoka mdomoni mwangu.